Seli zikifa zimekufa? Tusimkalishe aliyeumia kichwa

Najua nimepotea. Test za semista hii zimekuja kama mwendokasi: unasubiri weee, halafu yanafika mabasi matatu kwa mpigo. Leo nimepata nafasi ya kupumua, na nina jambo linanikereketa tangu juzi, naomba mnivumilie maana ni refu kidogo.

Juzi jioni tulikuwa kwenye vimbweta, watu watano, tunapiga msuli wa saikolojia ya elimu. Jamaa mmoja akatuhadithia habari za mjomba wake aliyeanguka na bodaboda mwaka jana. Kidonda kimepona, anatembea, anakula, lakini maneno yanamtoka kwa shida na mkono wa kulia hauna nguvu. Jamaa akamaliza kwa kusema, "Ndio basi tena. Seli za ubongo zikifa zimekufa, haziotagi. Pale nyumbani tunamwacha tu apumzike."

Hajamaliza, dada mmoja wa mwaka wa kwanza akatoa simu akatuonyesha video ya WhatsApp. Kuna mtu anauza vidonge, eti sayansi imegundua ubongo wa mtu mzima unaotesha seli mpya, kwa hiyo kunywa dozi ya miezi mitatu na kila kilichokufa kitaota upya kama nyasi za masika. Basi bwana, ligi ikaanza. Upande huu "seli zikifa zimekufa", upande ule "zinaota, nunua vidonge". Msuli ukaishia hapo.

Mimi nilikaa kimya, na wanaonijua wanajua si kawaida yangu. Nilikuwa namkumbuka kijana mmoja wa TP.

Nilipangiwa shule ya sekondari, jina la shule liacheni, Jiografia na Kiswahili, kidato cha pili. Siku ya kwanza kabisa, mwalimu niliyempokea kipindi aliniambia pale ofisini, "Yule anayekaa nyuma karibu na dirisha usihangaike naye. Aligongwa na pikipiki, kichwa kimeyumba. Tunamsukuma tu afike mwisho wa mwaka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma kabisa, kama anavyosemewa mgonjwa. Na mimi nikapokea hivyo hivyo, kwa huruma. Wiki ya kwanza yote sikumuuliza swali hata moja. Nilijiona mwema.

Wiki ya pili nikauliza darasa: kwa nini watu wamejazana kulima kwenye miteremko ya Mlima Meru wakati tunajua ni volkano? Macho yangu yakakutana na yake. Akasimama. Akafungua mdomo, neno halitoki. Nikahesabu sekunde tatu, nne, wenzake wameshaanza kucheka chini chini, nikamwambia "kaa tu, usijali," nikahamia kwa mwingine. Kipindi kikaisha, kengele ikalia. Nakusanya madaftari, nikasikia nyuma yangu, "Madam. Udongo. Udongo wa volkano una rutuba. Na mvua." Alikuwa ameishikilia ile sentensi dakika kumi nzima mpaka akaipata. Jibu lilikuwa sahihi. Kilichokuwa kimekosekana ni mimi kusubiri.

Usiku ule sikulala vizuri, na nikaanza kusoma kila nilichoweza kupata kuhusu ubongo ulioumia. Nawaletea nilichokipata, kisha niwaambie msimamo wangu.

Tuanze na ule msemo wa "seli zikifa zimekufa". Huo haukutoka kijiweni, ulitoka kwa mtu mzito sana. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, ndiye aliyetuonyesha kwa hadubini na michoro ya mkono wake kwamba ubongo umejengwa kwa seli moja moja za neva. Mwaka 1906 alipewa Nobel pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi. Cajal aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimeshafungwa, kila kitu kinaweza kufa na hakuna kinachozaliwa upya. Aliongeza kwamba huenda sayansi ya baadaye ikaibadilisha hukumu hiyo. Sehemu hiyo ya pili watu wakaisahau, wakakariri ya kwanza. Si mnajua tena tabia yetu na madesa: tunabeba mstari wa juu, wa chini tunauacha.

Mwaka 1962 Joseph Altman, akiwa MIT kule Marekani, akachapisha makala kwamba ameona dalili za seli mpya za neva kwenye ubongo wa panya wakubwa. Kazi yake ilipuuzwa kwa miaka mingi. Miaka ya 1980 Fernando Nottebohm akaonyesha kwamba ndege waimbao waitwao kanari wanapata seli mpya za neva hata wakiwa wakubwa. Watu wakasema sawa, lakini huyo ni ndege. Ndipo mwaka 1998 Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani, pamoja na wenzao, wakachunguza ubongo wa wagonjwa watano wa saratani waliokuwa wamefariki. Wagonjwa hao walipokuwa hai walikuwa wamepewa kemikali inayotia alama seli zinazogawanyika. Alama zikakutwa kwenye seli za neva za hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayotusaidia kuweka kumbukumbu. Yaani seli hizo zilizaliwa ukubwani.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Stockholm, kwenye maabara ya Jonas Frisén. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yanalipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio, na hewa ya dunia nzima ikajaa kaboni-14. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea inaivuta, sisi tunaila, na seli inapozaliwa inaiweka ndani ya DNA yake. Kwa hiyo kila seli ina cheti chake cha kuzaliwa! Mwaka 2013 wakapima hipokampasi za watu waliofariki, wakakadiria kwamba mtu mzima anapata seli mpya kama 700 kwa siku katika kila hipokampasi.

Ubishi haukwisha. Machi 2018 kundi la watafiti wa California likasema halikuona seli mpya kwa watu wazima, kwamba zinapungua utotoni na kukoma. Mwezi mmoja baadaye kundi la Columbia, New York, likasema limeziona mpaka kwa mzee wa miaka 79. Mwaka 2019 kundi la Madrid nalo likaziona kwa wazee, na zikiwa chache zaidi kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2025 kundi la Frisén likarudi na ushahidi wa seli zinazogawanyika kwenye hipokampasi za watu wazima, seli ambazo ndizo mama wa hizo mpya. Kwa hiyo mizani imeelemea upande wa "zipo", lakini ugomvi kuhusu zinazaliwa ngapi bado unaendelea.

Haya, dada wa vidonge ameshaanza kushangilia. Subiri kwanza!

Seli 700 kwa siku ni kama 255,000 kwa mwaka. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hiyo 255,000 ni kijiko cha maji baharini, tena zinazaliwa hipokampasi, hazizaliwi popote ulipoumia. Sasa mtu akiumia inakuwaje? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwasababishia panya kiharusi wakafuatilia. Waliona jambo la kutia moyo kweli: seli changa zilizozaliwa pembeni mwa vyumba vyenye maji vilivyo ndani ya ubongo zilifunga safari kwenda mahali palipoumia, zikaanza kukomaa kuwa seli za aina ile ile iliyokufa. Nilisoma hapo nikasisimka. Halafu nikasoma aya inayofuata. Zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo zilikufa ndani ya wiki chache, na zilizobaki zilifidia kama asilimia 0.2 tu ya zilizopotea. Mbili katika elfu moja.

Na kwa binadamu? Mwaka 2014 kundi lile lile la Stockholm likatumia ule ujanja wa kaboni kwenye gamba la ubongo la watu waliowahi kupata kiharusi. Seli za neva walizozikuta zilikuwa na umri sawa na wenye nazo. Hawakuona dalili ya seli mpya za neva zilizozaliwa baada ya kiharusi kuziba lile pengo. Kwa hiyo muuza vidonge ameshika kipande cha ukweli akakifanya biashara. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuotesha upya ubongo ulioumia. Hela ya bumu mnayotaka kumtumia, mnunulieni mjomba matunda.

Mtasema basi jamaa wa kwanza ndiye kashinda. Naye hajashinda. Tena kosa lake ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafanana na langu.

Watu wanapata nafuu baada ya kuumia ubongo. Tunawaona mitaani, aliyekuwa haongei sasa anaongea, aliyekuwa anabebwa sasa anatembea. Kama seli mpya ni chache hivyo, nafuu inatoka wapi? Kwanza uvimbe unapungua, na seli zilizokuwa zimezimia bila kufa zinaamka. Pili, na hapa ndipo penye utamu, seli zilizobaki hai zinaotesha matawi mapya, zinaunganika upya, na sehemu nyingine za ubongo zinajifunza kubeba sehemu ya mzigo. Ni kama barabara kuu imekatika daraja: hakuna aliyejenga daraja jipya, lakini magari yakipita kila siku kwenye vichochoro, vichochoro vinapanuka mpaka vinakuwa barabara. Yasipopita, nyasi zinaota.

Msidhani natunga. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya nyani wadogo waliosababishiwa jeraha dogo kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Walioachwa bila mazoezi walipoteza hata eneo la jirani ambalo jeraha halikuligusa. Waliozoezwa kuokota chakula kwa ule mkono mbovu, eneo lao lililobaki lilisalimika, na kwa baadhi likatanuka. Rudieni kusoma hapo taratibu. Kukaa bila kazi hakukuwaacha palepale, kuliwaongezea hasara.

Kwa binadamu kuna mbinu iliyotokana na kazi ya Edward Taub. Mtu aliyepata kiharusi anavalishwa glovu nene kwenye mkono MZIMA, muda mwingi wa siku, kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wake mkubwa, wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Waliofanyiwa hivyo walipata nafuu kubwa zaidi ya mkono kuliko waliopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilikuwepo bado baada ya mwaka. Mbinu hii inawafaa wenye uwezo kidogo wa kusogeza mkono, si kila mtu, kwa hiyo tusikimbilie kuwafunga wazee wetu glovu nyumbani. Ila angalieni fundisho lake. Mkono mzima, kwa wema wake, ndio uliokuwa unamlemaza mwenzake kwa kumfanyia kila kitu.

Hapo ndipo nilipojiona. Mimi nilikuwa ule mkono mzima. "Kaa tu, usijali." Nilimpokonya yule kijana zoezi, nikampa mwenzake ambaye wala hakulihitaji.

Basi msimamo wangu ni huu. Aliyeumia kichwa tunamwangusha mara mbili: bodaboda inamwangusha mara ya kwanza, huruma yetu ya kumkalisha inamwangusha mara ya pili. Nyumbani anaambiwa acha nitakufanyia, maneno yake yanamaliziwa na wengine, simu anapigiwa na wengine. Shuleni anawekwa nyuma karibu na dirisha na kusukumwa afike mwisho wa mwaka. Halafu baada ya miaka miwili tunasema, "Mnaona? Tulisema hataweza tena." Kwa nini aweze, nani alimpa nafasi ya kujaribu?

Sisemi apigwe mchakamchaka. Siku za mwanzo baada ya kugongwa kichwa mtu anahitaji kupumzika, na daktari ndiye anayesema arudi lini na kwa kasi gani. Akirudi, ubongo ulioumia unachoka upesi, kelele zinaumiza, mwanga unaumiza, hasira inakuja bila kuitwa. Huo si uvivu wala jeuri. Kwa hiyo kazi iwe ndogo, iwe ya kila siku, na iongezeke kidogo kidogo.

Nilichofanya kwa wiki sita zilizobaki ni kidogo tu, msije mkanivika taji. Nilimhamishia mbele, mbali na dirisha. Asubuhi nilikuwa nampa swali moja kwenye kikaratasi, nikimwambia nitamuuliza kwenye kipindi, ili apate muda wa kulitafuta jibu. Nikimuuliza nilikuwa nageuka kuandika ubaoni, polepole, ili nisimkodolee macho. Darasa niliwaambia siku moja tu kwamba hapa tunasubiri, na atakayecheka atafuta ubao mwezi mzima. Mwanzoni alikuwa anachukua karibu dakika nzima. Mwisho wa TP bado alikuwa mzito, jaribio la mwisho hakufaulu, siwadanganyi. Ila alikuwa anajibu ndani ya kipindi, na siku moja alinyoosha mkono mwenyewe bila kikaratasi. Aligeuka kuangalia dirishani kwanza, nadhani alikuwa anaogopa. Kisha akajibu.

Kuna rafiki nilimwambia haya akanijia juu: "Wewe ulikuwa wa kupita, wiki nane umeondoka. Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini na vipindi thelathini kwa wiki atageuka kuandika ubaoni polepole kwa ajili ya mmoja?" Ana hoja, sikatai. Yule mwalimu wa ofisini si mtu mbaya, amechoka. Lakini kikaratasi kimoja cha asubuhi hakihitaji bajeti ya wizara. Na sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa nadharia za Piaget na Vygotsky mpaka tunaziota usiku, ila mimi sikuwahi kukaa kwenye mhadhara hata mmoja ulioniambia nimfanyie nini mwanafunzi anayerudi darasani baada ya kuumia kichwa. Kwa bodaboda zilivyojaa nchi hii, kila mmoja wetu atampata. Naomba wakuu wa vitivo vya elimu, popote walipo, watupatie angalau mihadhara miwili ya jambo hili. Watu wa tiba ya viungo na tiba ya kuongea wapo, waje watufundishe.

La mwisho, na hili ni kwa wote tunaopanda boda kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi. Kama seli mpya ni mbili kwa kila elfu zilizopotea, hesabu yake ni rahisi: ulizo nazo ndizo hizo hizo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa waendesha pikipiki kwa asilimia kama 69, na hatari ya kufa kwa asilimia kama 42. Najua ile kofia ya abiria inanuka jasho la watu kumi. Najua inaharibu nywele za kusuka, na zangu za mwezi huu zimenigharimu. Vaa hivyo hivyo. Weka kitambaa ndani kama unaona kinyaa. Nywele zinaota.

Jamaa wa vimbweta, najua unasoma hapa. Ukienda nyumbani likizo, mpe mjomba kazi. Ahesabu chenji, akusimulie mechi ya jana, akufungulie mlango kwa ule mkono mbovu. Itachukua muda, na utatamani kummalizia sentensi. Usimmalizie. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Mimi nilihesabu mpaka nne nikaona nimesubiri sana.

Niishie hapa, kesho nina test nyingine na madesa bado yapo kwa mtu. Wenye hoja leteni, hata za kunipinga, tutaelimishana. Tuonane vimbwetani.